Sheikh Abdullah Saleh Farsy (Rahimahullah): Mwanachuoni Aliyewaandika Wanavyuoni

Shukrani zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), aali zake, Maswahaba zake na waliowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad:



Katika darsa yetu ya hapa Kifanya, baina ya Magharibi na Isha, kijana mmoja aliuliza kuna faida gani kwa Muislamu kusoma tarehe, yaani historia ya watu waliokwisha kufa, ilhali wengi wetu hatujaijua vyema hata twahara na swala. Swali hili ni zuri, na muulizaji ana haki. Elimu ya fardhi 'ayn, ile inayomlazimu kila mmoja wetu, ndiyo inayotangulia. Asiyejua kutawadha hatuwezi kumwambia aanze na habari za masultani.

Lakini hata namna hiyo ya kutawadha imetufikia kwa kupokewa mtu kwa mtu. Tukikata habari za wapokezi, hatutajua tena tumeipata wapi dini yetu. Basi tumeona tulijibu swali hili kwa kusimulia maisha ya mtu mmoja. Kitabu chake kimo kwenye rafu za misikiti mingi ya nchi hii, na wengi wetu hatumjui zaidi ya jina lililo kwenye jalada. Naye ni Sheikh Abdullah Saleh Farsy, Allah amrehemu.

Kuzaliwa na kusoma kwake

Sheikh Abdullah alizaliwa Unguja mwaka 1912, katika familia yenye asili ya Oman. Unguja ya wakati huo ilikuwa kituo kikubwa cha elimu. Wanafunzi walikuwa wakitoka Lamu, Mombasa, Komoro na mrima wa Tanganyika kwenda kusoma huko. Wanavyuoni wawili walikuwa mashuhuri kuliko wengine. Mmoja ni Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kuwahi kuwa baharia kabla ya kuwa Kadhi. Wa pili ni Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, aliyefungua madrasa yake Ukutani, mjini Unguja. Wawili hawa walikuwa marafiki wa chanda na pete, na wote walifariki mwaka mmoja, 1925.

Tuutazame mwaka huo vizuri. Abdullah Farsy alikuwa mtoto wa miaka 13. Hakupata kukaa mbele ya wazee hao kama mwanafunzi aliyekomaa. Alichokipata ni kusoma kwa watoto wao, nao ni Sayyid Omar bin Ahmad bin Sumait na Sheikh Abubakar bin Abdallah Bakathir, ambao kila mmoja alikuwa ameirithi elimu ya baba yake. Kwa hiyo tangu ujana wake alijua kwamba elimu aliyokuwa akiipokea ilikuwa na wenyewe kabla yake, na kwamba wenyewe hao walikuwa wameanza kuondoka.

Pamoja na elimu ya msikitini alisomea pia ualimu katika skuli za serikali, akawa mwalimu, baadaye akawa mkaguzi wa skuli. Jambo hili lilimfaa sana katika uandishi wake. Mwalimu wa watoto hujifunza kusema jambo kwa maneno mepesi. Alikuwa na Kiarabu cha kutosha kuandika kwa wanavyuoni wenzake, lakini vitabu vyake vingi aliviandika kwa Kiswahili, ili avisome mwenye duka, mvuvi na mama wa nyumbani.

Kuandika tarehe

Akiwa bado kijana wa miaka 30 hivi alikwisha kuandika maisha ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar aliyefariki mwaka 1856. Kisha akaandika maisha ya Imam Shafi pamoja na wanavyuoni wakubwa wa Afrika Mashariki. Kazi hiyo ya wanavyuoni aliendelea nayo kwa miaka mingi, na mwaka 1972 kikachapishwa Mombasa kitabu chake kiitwacho Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika.

Humo tunawakuta Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mtu wa Barawa aliyekuwa Kadhi Kilwa kisha Unguja; Habib Saleh wa Lamu, mwenye Riyadha; Bin Sumait na Bakathir wenyewe, na wengine wengi. Kwa kila mmoja Sheikh anajitahidi kutaja amezaliwa wapi na lini, amesoma kwa nani, amemsomesha nani, na amekufa lini. Msomaji wa haraka anaweza kuona ni orodha kavu ya majina na miaka.

Lakini mwenye kujua elimu ya hadithi anaitambua kazi hii mara moja. Imam Bukhari (Rahimahullah), kabla ya watu kumjua kwa Sahihi yake, alikuwa na kitabu kikubwa cha tarehe ya wapokezi. Wanavyuoni wa hadithi waliihitaji miaka ya kuzaliwa na kufa kwa sababu iliyo wazi. Akitokea mtu akadai kuwa amesikia hadithi kwa sheikh fulani, huulizwa alizaliwa lini na alionana naye wapi. Ikidhihiri kuwa sheikh alikufa kabla ya huyo mdai kuzaliwa, uongo wake umefichuka bila ya ugomvi wowote. Tarehe ilikuwa mlinzi wa dini. Sheikh Abdullah alichukua mizani hiyo ya wapokezi akaileta kwetu, kwa wanavyuoni wa mwambao.

Tafsiri ya Qur'ani

Kazi iliyomfikisha Sheikh mpaka huku nyanda za juu ni tafsiri yake ya Qur'ani Tukufu. Kabla yake zilikwisha kuchapishwa tafsiri mbili kamili za Kiswahili. Ya kwanza, ya mwaka 1923, ilifanywa na Godfrey Dale, padri wa Kianglikana aliyekuwa Zanzibar. Ya pili, ya mwaka 1953, ilitolewa Nairobi na jumuiya ya Ahmadiyya. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa naye alikuwa ameanza tafsiri yake, akafariki mwaka 1947 kabla ya kuikamilisha.

Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi Muislamu asiyejua Kiarabu, akitaka kusoma maana ya Kitabu chake kwa lugha yake, alisoma kazi ya watu wasiokuwa na itikadi yake. Sheikh Abdullah aliona kulalamika hakutoshi. Alikaa akaandika, aya kwa aya, na kwenye maelezo yake akawajibu wale aliowaona wamepotosha. Tafsiri kamili ilichapishwa na Islamic Foundation, Nairobi, mwaka 1969. Tangu hapo imekuwa ikirudiwa kuchapwa, na misikiti mingi midogo ya bara isiyokuwa na sheikh wa kudumu imeitegemea.

Ukadhi, kuhama na kufariki

Mwaka 1960 alikuwa Kadhi Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 hali ilibadilika, na katika miaka iliyofuata wanavyuoni kadhaa wa Unguja walitawanyika. Sheikh Abdullah alihamia Kenya mwaka 1967, na mwaka uliofuata akawa Kadhi Mkuu wa nchi hiyo, akipokea nafasi ya Sheikh Muhammad Kassim Mazrui. Alikaa katika kazi hiyo zaidi ya miaka kumi. Mwishoni alihamia Oman, akafariki Muscat mwaka 1982. Allah amghufirie na ampe Pepo ya Firdaus.

Tusimsifu kupita kiasi, maana yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kusahihisha. Maandiko yake juu ya bid'a yalizua mjadala mkali, na wako wanavyuoni wa mwambao waliohitilafiana naye kwa hoja zao. Hilo halimvunjii heshima. Mtu akiandika, watu hupata cha kumjibu. Aliyenyamaza hakosolewi, lakini pia hakuna anachotuachia.

Tuangalie tena mwaka wa kitabu chake cha wanavyuoni, 1972. Kilipotoka, zile halaka za Unguja alizozikuta utotoni zilikuwa zimekwisha kuvunjika, na waliozishuhudia wamezeeka au wametawanyika. Mwaka 1989 kitabu hicho kilitolewa kwa Kiingereza Marekani na Randall Pouwels, na wanahistoria wanaoandika habari za Uislamu wa mwambao hukirejea mara kwa mara. Lau Sheikh angesubiri apate nafasi, mengi kati ya hayo yangezikwa na wenyewe.

Na sisi je?

Ndugu Waislamu, kitabu hicho kwa sehemu kubwa ni cha watu wa mwambao na visiwani. Ukitafuta Ubena na nyanda zetu hizi hupati cha kukushibisha. Hatumlaumu Sheikh. Aliandika alichokijua na alichofikishiwa. Habari za kwetu ilikuwa ni juu yetu kuziandika.

Fikirini Vita vya Maji Maji. Mwaka 1905 moto wake ulifika Njombe, na kituo cha misheni cha Yakobi kikashambuliwa. Huko Songea, tunakokwenda kwa barabara hii hii inayopita Kifanya, Wajerumani waliwanyonga viongozi wengi wa Wangoni tarehe 27 Februari 1906. Mengi yaliyoandikwa wakati ule yaliandikwa na wamisionari na maofisa wa Kijerumani, kwa sababu wao ndio waliokuwa na daftari. Anayeandika ndiye anayechagua kitu cha kukumbukwa.

Sisi wenyewe tumekwisha kupata hasara. Alikuwepo mzee wetu mmoja aliyekuwa akijua nani walikuwa Waislamu wa mwanzo kufika upande huu, walitokea wapi, na wapi waliswali kabla ya kuwa na msikiti. Kila mara tulikuwa tukisema tutakwenda kumuuliza. Mara ni msimu wa viazi, mara ni mvua, mara ni baridi ya mwezi wa saba. Tulipofika nyumbani kwake safari ya mwisho tulikwenda na sanda. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Aliyokuwa akiyajua yeye peke yake hatuna tena pa kuyapata.

Hasara hii si ya maneno matupu. Mtu akitoa kiwanja waqfu na jina lake lisiandikwe, mashahidi wakafa, siku moja wajukuu huja kudai shamba la babu yao, na jamaa wa msikiti hawana karatasi ya kuwaonyesha. Ugomvi unaoingia hapo huvunja udugu kwa miaka.

Basi kutokana na maisha ya Sheikh Abdullah tunausia haya:

1. Tuanze na fardhi 'ayn, lakini tusiishie hapo. Allah ametusimulia katika Qur'ani habari za Mitume na umma zilizopita, na ametubainishia kuwa ndani yake mna mazingatio kwa wenye akili. Historia kwa Muislamu ni sehemu ya kuzingatia.

2. Kila msikiti uwe na daftari lake. Iandikwe nani aliutoa uwanja, nani waliujenga, maimamu waliopita na walimu wa madrasa, kila jina na mwaka wake. Nakala iwekwe kwa zaidi ya mtu mmoja.

3. Wazee waulizwe wakiwa hai, kwa adabu na subira, na kila habari iandikwe pamoja na jina la aliyeisimulia. Wakihitilafiana wazee wawili, ziandikwe kauli zote mbili. Tusichague ile inayotupendeza.

4. Tusiandike ili kuzisifu koo zetu wala kuwaaibisha wengine. Kusema uongo juu ya maiti ni uongo vile vile, naye hawezi kujitetea.

5. Vijana waliosoma skuli wasiione kazi hii kuwa ya masheikh tu. Sheikh Abdullah alikuwa mwalimu wa skuli na mwanachuoni kwa pamoja, na ualimu huo ulimfaa katika vitabu vyake.

Yule kijana aliyeuliza swali tumempa jibu lake kwa vitendo. Tumemkabidhi daftari na kalamu, naye ameanza na bibi yake mzaa mama, mwenye umri mkubwa kuliko wote katika jamaa yetu. Wiki ya kwanza amerudi na majina tisa ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akiyajua.

Tunamuomba Allah amrehemu Sheikh Abdullah Saleh Farsy na wanavyuoni wote aliowaandika, awarehemu wazee wetu waliotangulia ambao majina yao hatukuyahifadhi, kwani Yeye anawajua, na atuwezeshe kuyahifadhi yaliyobaki. Amin.

Wabillahi tawfiq, wallahu a'lam.