John Lilburne: Aliyechapwa viboko kwa kukataa kujitia hatiani

MTUHUMIWA anapoelezwa na polisi kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalolisema laweza kutumika dhidi yake mahakamani, wengi hudhani hayo ni maneno ya desturi tu. Ni wachache wanaofahamu kwamba haki hiyo ililipiwa kwa mgongo wa kijana mmoja wa Kiingereza, aliyechapwa hadharani katika mitaa ya London mwaka 1638.

Kijana huyo ni John Lilburne. Alizaliwa mwaka 1614 au 1615, katika familia ya wenye ardhi yenye asili ya Durham, kaskazini mwa Uingereza. Kwa kuwa hakuwa kifungua mimba, hakutarajia kurithi ardhi, hivyo alipelekwa London kuwa mwanagenzi wa mfanyabiashara wa vitambaa.

Huko alijiunga na Wapuritani, waumini waliopinga mamlaka ya maaskofu wa kanisa la serikali. Wakati huo hapakuwa na kitabu kilichoruhusiwa kuchapwa bila kibali. Mwaka 1637 Lilburne alikwenda Uholanzi, na aliporejea Desemba alikamatwa kwa tuhuma za kuingiza nchini vitabu vilivyopigwa marufuku.

Alifikishwa mbele ya Star Chamber, mahakama ya mfalme isiyokuwa na juri, yaani baraza la raia wanaoamua kesi. Utaratibu wake ulikuwa kumwapisha mshtakiwa kwanza kwamba atajibu kwa ukweli kila atakaloulizwa, ndipo maswali yafuate.

Kiapo hicho kilikuwa mtego. Aliyeapa na kusema kweli alijifunga mwenyewe. Aliyeapa na kusema uongo alimkosea Mungu na sheria. Aliyekataa kuapa aliadhibiwa kwa ukaidi.

Lilburne alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna sheria ya Mungu wala ya nchi inayomlazimu mtu kuwa shahidi dhidi ya nafsi yake. Anayemshtaki na alete ushahidi. Februari 1638 alihukumiwa faini ya pauni 500, viboko, mkatale na kifungo hadi atakapotii.

Aprili 18 mwaka huo alifungwa nyuma ya mkokoteni, akachapwa kutoka gereza la Fleet hadi Westminster, umbali wa zaidi ya kilomita mbili. Mjeledi ulikuwa wa nyuzi tatu zenye mafundo, na inakadiriwa alipigwa mara 200 hivi. Alipotiwa kwenye mkatale aliendelea kuhutubia umati, hata wakamziba mdomo. Ndipo akatoa vijitabu mfukoni na kuwarushia watu.

Alikaa gerezani hadi Novemba 1640, pale mbunge Oliver Cromwell alipomtetea bungeni. Mwaka 1641 Bunge lilitamka kuwa adhabu yake ilikuwa batili na ya kikatili. Julai mwaka huo huo Star Chamber ilifutwa, na mahakama za kanisa zikakatazwa kutumia kiapo kile.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1642, Lilburne alipigana upande wa Bunge hadi akawa luteni kanali. Hata hivyo, mwaka 1645 aliacha jeshi kwa sababu hakukubali kula kiapo cha kidini kilichotakiwa kwa maofisa.

Baadaye akawa miongoni mwa viongozi wa Levellers, kundi lililodai haki sawa mbele ya sheria, uhuru wa dini na upigaji kura mpana zaidi. Wananchi wakampa jina la John mzaliwa huru.

Hapo ndipo aligongana na wenzake wa jana. Serikali iliyomnyonga mamlaka mfalme Charles I na kumkata kichwa Januari 1649 ilimshtaki Lilburne kwa uhaini Oktoba mwaka huo, kwa sababu ya maandishi yake. Alijitetea mwenyewe. Alipoonyeshwa maandishi na kuulizwa kama ni ya mkono wake, alikataa kujibu. Juri ilimwona hana hatia, na ukumbi wa Guildhall ukalipuka kwa shangwe.

Mwaka 1652 alifukuzwa nchini, na aliporudi mwaka uliofuata alishtakiwa tena, safari hii maisha yake yakiwa hatarini. Juri ikamwachia kwa mara ya pili. Cromwell, yule yule aliyemtetea mwaka 1640, hakumruhusu kwenda zake. Alimweka kizuizini katika kisiwa cha Jersey, kisha Dover.

Katika miaka hiyo ya mwisho Lilburne alijiunga na Quaker, waumini ambao Afrika Mashariki huwajua kama Kanisa la Marafiki. Alifariki dunia Eltham, Agosti 29, 1657, alipokuwa na ruhusa ya muda ya kuwa na familia yake.

Haingekuwa sahihi kusema haki hii ni kazi ya mtu mmoja. Wengine walikataa kiapo kile kabla yake, na ilichukua zaidi ya karne moja, hadi mawakili walipozoeleka kuwatetea washtakiwa wa jinai, ndipo ukimya ukawa ngao ya kweli mahakamani.

Marekani iliiingiza haki hiyo katika katiba mwaka 1791. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipotoa hukumu maarufu ya Miranda mwaka 1966, ilimtaja Lilburne kwa jina. Kupitia utawala wa Waingereza kanuni hiyo ilifika pia kwetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaja waziwazi katika ibara za 49 na 50.

Lakini haki hii haijakosa wapinzani, wanaodai kwamba huwakinga wahalifu. Uingereza yenyewe, kwa sheria ya mwaka 1994, iliruhusu mahakama katika mazingira fulani kuutilia shaka ukimya wa mshtakiwa.

Wanaosema hivyo wakumbuke kwamba polisi aliyekwisha kupata ungamo haoni tena haja ya kutafuta ushahidi, na njia ya mkato ya kupata ungamo ni mateso. Ulimi huponza kichwa, walisema wahenga. Lilburne alitaka angalau usiponzwe kwa kulazimishwa.