Koomenjoe na kisiwa nilichoshindwa kukibuni

Mwaka mzima nimekuwa nikiandika hadithi ya vijana kuhusu kisiwa kisichokuwako duniani. Nilikipa jina, nikakichorea ramani, nikakiwekea mfalme na majini wa baharini. Kisha nikakwama. Kila nikijaribu kueleza asili ya watu wa kisiwa hicho naona nimeandika urembo mtupu. Aliyenikwamua ni mtu aliyekufa zamani sana, na nilimkuta mahali ambapo mpwani hatarajii habari za kisiwa: Meru, chini ya Mlima Kenya.

Jina lake Koomenjoe. Sisi huku Meru tunaijua kwa miraa, basi. Lakini mzee wa Imenti ukimuuliza asili yao, hakuonyeshi mlima. Anakwambia walitoka Mbwaa, kisiwani, upande wa mashariki kwenye maji makubwa. Baadhi ya wanahistoria wamekisia kuwa Mbwaa ni Manda, ng'ambo ya Lamu, na kwamba walihama yapata miaka 300 iliyopita. Nasimulia kama nilivyosimuliwa.

Huko Mbwaa walitawaliwa na Nguuntune. Mswahili hahitaji mkalimani hapo: nguu ni nguo, na ntune ni nyekundu. Watu wa nguo nyekundu waliwafanya watumwa, na walipoomba kuachiwa wakapewa masharti yaliyotungwa ili yasiwezekane. Koomenjoe ndiye aliyesimama mbele ya wenzake. Hakuwa mfalme wala hodari wa mkuki. Alikuwa mtu wa kufikiri.

Walidaiwa kiatu chenye manyoya juu na chini. Akachinja ng'ombe, akakata ile ngozi inayoning'inia shingoni, ambayo ina manyoya pande zote mbili. Wakadaiwa ndama anayekunya mavi meupe. Ndama akanyweshwa maziwa matupu. Wakadaiwa mbwa mwenye pembe; akachukua pembe za paa akazigandisha kichwani kwa nta. Tunda likatumbukizwa katika shimo refu na wakatakiwa walitoe bila kuchimba. Wakajaza maji, likaelea lenyewe. Masimulizi hutofautiana kijiji hadi kijiji, na sehemu nyingine za Meru humwita kiongozi huyo kwa jina jingine kabisa, lakini mbwa yule mwenye pembe sijakutana na asiyemjua.

Mwisho wakadaiwa mkuki wa kufika mbinguni. Hapo akili iliishiwa, na huo ndio uzuri wa Koomenjoe: alijua lini kujibu na lini kukimbia. Akaomba muda wa kuufua, na usiku akawaondoa watu wake.

Walipofika majini, wanasema, akayapiga kwa fimbo yakapasuka. Kwanza alihitajika mtu wa kutolewa kafara, na Gaita akajitolea. Waliovuka usiku wakawa ukoo mweusi, waliovuka alfajiri wekundu, na waliovuka jua limechomoza weupe. Koo hizo tatu zinatajwa hadi leo. Msomaji wetu atamkumbuka Nabii Musa, na wapo wanaodhani sehemu hiyo iliongezwa wamisionari walipofika. Yawezekana. Lakini mtu aliyepita mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, anajua kuwa chombo hupita maji yakijaa na hukwama yakipwa. Mtu anayengoja bamvua usiku, kisha akatembea, atawaambia wajukuu zake kwamba bahari ilimpisha. Mimi nisingemwita mwongo.

Kutoka hapo walipanda kuelekea mlimani, na Koomenjoe akabaki katika kumbukumbu kama mzazi wa taifa. Wengine humhesabu kuwa Mugwe wa kwanza, yule kiongozi wa baraka ambaye padri Bernardo Bernardi alimwandikia kitabu mwaka 1959.

Nikiteremka kurudi nilipitia Embu. Huko hakuna bahari katika asili yao. Wanasema Mungu alimuumba Mwenendega papo hapo, Mbui Njeru karibu na Runyenjes, akampa mke mzuri, Ciurunji, kwenye maporomoko ya maji. Hadithi tamu, ila haikunikereketa kama ya Meru, na ilinichukua safari nzima ya basi kujua sababu.

Wale wa nguo nyekundu ni nani? Wengi walioandika juu ya Mbwaa wanaona walikuwa Waarabu au watu wa miji ya pwani. Yaani sisi. Mzee aliyenisimulia Nkubu alijua ninakotoka, akapita neno hilo kwa adabu, akaniongezea chai. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na nyumbani kwetu sikumbuki kusikia mtu akiutaja isipokuwa kwa kunong'ona.

Nilipofika Mombasa nilikunjua ramani yangu. Jumba la mfalme lipo, bandari ipo, msikiti upo, mashamba ya minazi yapo mengi tu. Anayeyalima sikumweka. Hakuna hata kibanda chake.

Nimeanza upya. Katika sura ya kwanza bwana mmoja ameketi barazani na anadai aletewe mbwa mwenye pembe. Bwana huyo nimempa jina la ukoo wangu.