Alfred Binet: Mtu aliyetaka mtoto apimwe kabla hajaitwa mzito

Hapa kwetu pwani, mtoto akichelewa kushika herufi chuoni au hesabu shuleni, jina lake huwa tayari: mzito. Ni wachache wanaouliza amepimwa na nani, na kwa kipimo gani. Swali hilo ndilo lililonipeleka kwenye maisha ya Alfred Binet, Mfaransa aliyefariki zamani lakini ambaye kazi yake ingali imo mashuleni hata leo.

Binet alizaliwa mwaka 1857 katika mji wa Nice. Alisomea sheria mjini Paris, akahitimu mwaka 1878, kisha akaiacha na kujifundisha elimu ya nafsi peke yake maktabani. Baadaye aliingia hospitali ya Salpêtrière kwa daktari mashuhuri Charcot. Huko alitetea kwa bidii madai kwamba sumaku huweza kuhamisha dalili za mgonjwa kutoka upande mmoja wa mwili hadi wa pili. Madai hayo yalipochunguzwa yakaanguka, na hatimaye Binet mwenyewe akakubali. Nadhani fedheha ile ilimfaa, kwani tangu hapo alijihadhari asione tu kile alichotaka kukiona. Hata alipopima vichwa vya wanafunzi akitafuta dalili za akili, aliona tofauti ni ndogo mno, akaiacha njia hiyo.

Nyumbani aliwachunguza binti zake wawili, Madeleine na Alice, akatambua kwamba watoto wa baba mmoja na mama mmoja hawafikiri kwa njia moja.

Mwaka 1882 Ufaransa ilikuwa imepitisha sheria ya kuwalazimisha watoto wa miaka 6 hadi 13 kusoma. Madarasa yakajaa, na wengine wakawa hawaendi mbele. Mwaka 1904 wizara ya elimu iliunda tume, Binet akiwamo, kutazama namna ya kuwasaidia. Ugumu ulikuwa hapa: nani atawatambua? Binet alihofu kwamba mwalimu akiachiwa peke yake, atawatoa pia watundu wanaomsumbua.

Ndipo mwaka 1905, pamoja na daktari Théodore Simon, akatoa kipimo cha majaribio 30, kuanzia mepesi hadi magumu. Mtoto alifuata kwa macho kiberiti kinachowaka, akataja vitu vilivyomo pichani, akarudia tarakimu, akapanga vitu kwa uzito wake, akaeleza nzi na kipepeo wanatofautianaje. Kusoma na kuandika hakukuulizwa, ili aliyekosa shule asidhaniwe amekosa akili. Mtoto alipimwa peke yake, mahali patulivu, na kwa upole.

Mwaka 1909 sheria iliruhusu madarasa maalumu. Binet alishikilia kwamba akili hukua kwa mazoezi, na kwamba kipimo chake kilionyesha hali ya mtoto siku ile tu. Alifariki mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 54.

Yaliyofuata yananisikitisha. Mmarekani Goddard alikipeleka kipimo hicho kwao mwaka 1908, na baadaye kikatumiwa katika kisiwa cha Ellis kwa wahamiaji waliotoka melini, wengi wao hawajui Kiingereza. Wakahukumiwa kuwa ni wapungufu wa akili. Kilichobuniwa kumsaidia mtoto kikawa muhuri wa kumpigia mtu usoni, kana kwamba mwanadamu ameisoma kadari aliyoiandika Mwenyezi Mungu.

Nasi Kenya tulianza mwaka 1984 kufungua vituo vya kuwapima watoto wenye shida za kujifunza. Hilo ni jambo jema, lakini kituo hakiwezi kumfuata mtoto aliyekwisha kukatiwa tamaa nyumbani. Mzazi, na wewe mwalimu wa chuo au wa shule, mtoto akikwama tazama kwanza: je, anaona ubao? Anasikia vizuri? Anaielewa lugha anayofundishwa? Ikiwa yote hayo ni sawa na bado herufi zinamshinda, mpelekeni apimwe, kisha ulizeni atasaidiwaje. Kipimo kisichofuatwa na msaada ni bora kisifanywe.