Alifukua makaburi ya wafalme weusi asiwatambue

Mwulize mwanafunzi wa historia akutajie mtu aliyefukua makaburi ya wafalme wa kale, naye atakutajia Howard Carter, Mwingereza aliyelifikia kaburi la Tutankhamun nchini Misri mwaka wa 1922. Ni wachache watakaomtaja George Andrew Reisner. Carter alipata sifa kwa kaburi moja. Reisner, Mmarekani, alifukua makaburi ya wafalme kadha wa kadha, tangu Giza karibu na Cairo hadi Meroe katika nchi ya Sudan, na ndiye aliyeupa ulimwengu orodha ya wafalme wa Kushi kwa mfuatano wao. Fauka ya hayo, maisha yake yana funzo ambalo kila mwalimu hana budi kulitafakari. Mtu huyu aliona kwa macho yake kazi kubwa ya Waafrika weusi, akaipima, akaipiga picha na kuiandika, kisha akakataa kuamini kwamba ni yao.

Reisner alizaliwa tarehe 5 Novemba 1867 katika mji wa Indianapolis, Marekani, katika jamaa yenye asili ya Ujerumani. Alisomea Chuo Kikuu cha Harvard, akahitimu shahada ya kwanza mwaka wa 1889 na ya uzamifu mwaka wa 1893. Somo lake halikuwa Misri bali lugha za Kisemiti. Alipokwenda Berlin kuendelea na masomo ndipo alipokutana na mabingwa wa maandishi ya Misri ya kale, naye akabadili njia. Muda si muda alikuwa Cairo, akiorodhesha hirizi na vitu vingine vya kale katika jumba la makumbusho.

Bahati ilimjia mwaka wa 1899. Mjane tajiri wa California, Bi. Phoebe Hearst, alijitolea kugharimia uchimbaji nchini Misri, na Reisner akapewa uongozi. Wakati huo wachimbaji wengi walikuwa wakitafuta dhahabu na sanamu za kupamba majumba ya makumbusho. Kisichong'aa kilitupwa. Reisner alikataa mtindo huo. Huko Naga ed-Deir alifukua makaburi mengi ya watu wa kawaida, akalitia kila kaburi nambari, akalichora, akalipiga picha, na kuandika kila chungu na kila mfupa ulipolala. Alishikilia kwamba mchimbaji huharibu anapochimba, na kwamba kisichoandikwa siku ile kimepotea milele. Wanaakiolojia wa leo hufuata kanuni hiyo hiyo.

Bi. Hearst aliposhindwa kuendelea na gharama, Chuo Kikuu cha Harvard na Jumba la Makumbusho la Sanaa la Boston viliungana mwaka wa 1905 kumdhamini. Udhamini huo ulidumu hadi kifo chake. Tayari alikuwa amepata sehemu ya Giza ya kuchimba, baada ya Wamarekani, Wajerumani na Waitalia kugawana uwanja ule kwa kura, na karatasi za kura, kama inavyosimuliwa, zilitiwa katika kofia ya mkewe. Reisner aliangukiwa na piramidi ya tatu, ile ya Mfalme Menkaure. Mnamo Januari 1910 ilitoka katika hekalu la piramidi hiyo sanamu ya Menkaure akisimama na malkia, ambayo imo Boston.

Tukio lililomletea sifa nyingi zaidi lilitokea mwaka wa 1925, naye hakuwapo. Alikuwa kwao Marekani. Mpiga picha wake Mmisri, Mohammedani Ibrahim, alikuwa akisimamisha kamera karibu na Piramidi Kuu, mguu mmoja wa kamera ukazama katika lipu. Chini ya lipu palikuwa na shimo lililoshuka karibu mita 27, na mwisho wake chumba cha mazishi cha Malkia Hetepheres, mama yake Khufu, yule aliyeijenga Piramidi Kuu. Mbao za samani za malkia zilikuwa zimeoza kuwa vumbi. Zilizobaki ni bamba za dhahabu zilizolala chini kwa fujo. Mchimbaji mwingine angezikusanya bamba hizo kwa kikapu. Watu wa Reisner walifanya kazi humo kwa siku zaidi ya 300 na kupiga picha zaidi ya 1,000, wakiandika kila kipande mahali pake. Kwa maandishi hayo kitanda cha malkia, viti vyake na fremu ya chandarua chake viliundwa upya. Jeneza la mawe lilipofunguliwa mwaka wa 1927 lilikuwa tupu. Hadi leo wasomi wanabishana mwili ulikwenda wapi.

Kwetu sisi, hata hivyo, Reisner wa Giza hana uzito kama Reisner wa Sudan.

Aliingia nchi ya Nubia mwaka wa 1907. Serikali ya Misri, chini ya Waingereza, ilikusudia kuliinua bwawa la Aswan, na maji yalikuwa yafunike makaburi ya kale kando ya Mto Nile. Reisner alipewa kazi ya kuyachunguza kabla hayajazama. Kwa kuwa watu wale hawakuacha maandishi, aliwapa herufi: Kundi A, Kundi B, Kundi C. Baadhi ya majina hayo yanatumika hata sasa. Lakini katika kazi hiyo hiyo ndipo lilipoonekana kosa lake. Yeye na wenzake walipima mafuvu, wakahukumu kwamba kila palipokuwa na maendeleo ni damu ya kaskazini iliyoingia, na kila paliporudi nyuma ni damu ya mtu mweusi iliyozidi. Hukumu hiyo ilikuwa imekwisha kutolewa kabla jembe halijagusa ardhi.

Mwaka wa 1913 alifika Kerma, kusini ya maporomoko ya tatu ya Nile. Hapo palikuwa na jengo kubwa la matofali ya udongo, liitwalo Deffufa, na makaburi ya duara yenye upana wa mita 90 hivi. Ndani ya makaburi hayo wafalme walilazwa juu ya vitanda, na pamoja nao mamia ya watu waliozikwa siku ile ile wawasindikize. Vyungu vyembamba vyekundu vyenye midomo myeusi, vilivyofinyangwa kwa ustadi usio na kifani, vilijaa kila mahali. Vyote hivi havikufanana na mazishi ya Misri. Lakini ndani ya kaburi moja kubwa Reisner alipata sanamu za liwali mmoja Mmisri na mkewe. Hizo zikamtosha. Akaamua kwamba Kerma ilikuwa kituo cha Wamisri, na kwamba waliozikwa katika makaburi yale makubwa walikuwa maliwali waliotumwa kutoka kaskazini kuwatawala wenyeji.

Kuanzia mwaka wa 1916 alihamia maporomoko ya nne, penye mlima mtakatifu wa Jebel Barkal, kisha Nuri, kisha el-Kurru. Hapo alifanya kazi ambayo hakuna aliyeifanya kabla yake. Huko Nuri aligundua kwamba piramidi kubwa kuliko zote ni ya Taharqa, mfalme wa Kushi aliyetawala pia Misri tangu mwaka wa 690 hadi 664 kabla ya Kristo. Ndani yake mlikuwa na visanamu vya mawe zaidi ya 1,000 vya kumtumikia mfalme ahera. Huko el-Kurru alilipata kaburi la Piye, aliyeishinda Misri yote karne ya nane kabla ya Kristo, na makaburi ya farasi 24 waliozikwa wakiwa wamesimama na mapambo yao. Kati ya 1920 na 1923 alizichimba piramidi za Meroe. Kwa kulinganisha umbo la makaburi, mahali yalipo na vitu vilivyomo, alipanga wafalme wa Kushi kwa zaidi ya miaka 1,000.

Sasa angalia jambo hili la ajabu. Makaburi ya kale zaidi ya el-Kurru yalikuwa matuta ya duara, ya namna ile ile ambayo watu wa Nubia walizika tangu jadi. Baada ya vizazi kadhaa yakawa ya pembe nne, na mwishowe yakawa piramidi. Reisner mwenyewe ndiye aliyeuonyesha mfuatano huo, hatua kwa hatua, wa jamaa moja ya wenyeji iliyokua hadi ikatawala dola. Lakini aliposhika kalamu kueleza wafalme hao walitoka wapi, alisema ni Walibya, watu weupe wa jangwani, waliokuja kuwatawala weusi. Ushahidi wake ulikuwa vichwa vya mishale ya mawe na cheo cha malkia mmoja ambacho alikisoma visivyo. Sanamu za wafalme wenyewe alikuwa nazo. Nyuso zao hazikumshawishi.

Wapo watakaomtetea kwa kusema kwamba alikuwa mtu wa zama zake. Utetezi huo hautoshi. Mwaka wa 1905 David Randall-MacIver, Mwingereza, alichimba Zimbabwe Kuu na kutamka kwamba kuta zile zilijengwa na Waafrika, jambo lililowaudhi walowezi. Mtu huyo huyo alikuja kuchimba Nubia miaka ile ile Reisner alipokuwa huko. Zama zilikuwa moja na ardhi ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni utayari wa kukubali kile ambacho jembe limetoa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Reisner hakuficha alichokipata. Kila chungu, kila mfupa na kila mshale uliandikwa, hata ule usioafikiana na fikira zake. Aliwafunza vijana Wamisri, hasa watu wa Quft, kuongoza uchimbaji, kupiga picha na kuandika shajara kwa Kiarabu, ingawa majina yao hayakupewa nafasi stahili katika vitabu. Macho yake yalipofifia uzeeni aliendelea kuwaamuru makarani wake waandike. Alifariki tarehe 6 Juni 1942 katika kambi yake penye piramidi za Giza, akaacha kazi nyingi isiyochapishwa. Msaidizi wake Dows Dunham ndiye aliyetoa vitabu vya makaburi ya kifalme ya Kushi kati ya 1950 na 1963.

Maandishi hayo ndiyo yaliyomwangusha mwandishi wake. Wasomi waliyasoma upya na kuona kwamba sanamu za liwali wa Kerma ni za kale kuliko kaburi lilimopatikana. Liwali hakuzikwa pale. Sanamu zake zilichukuliwa kutoka kwingine. Kuanzia miaka ya 1970 Charles Bonnet wa Uswisi alifukua mji wenyewe wa Kerma, penye nyumba, kasri na mahekalu, akathibitisha kwamba ulikuwa mji mkuu wa dola ya wenyeji. Kisha mwaka wa 2003 maandishi yaliyofichuliwa katika kaburi moja la Elkab, kusini mwa Misri, yalisimulia jinsi majeshi ya Kushi yalivyoivamia Misri. Mtu ambaye Reisner alimwona mtawaliwa alikuwa mvamizi aliyerudi kwake na nyara.

Jumba la Boston lenyewe, katika maonyesho ya Nubia ya mwaka wa 2019, lilikiri waziwazi kwamba mawazo ya Reisner yalipotoshwa na ubaguzi wa rangi. Ungamo hilo ni jema. Lakini limetolewa penye jeneza la mawe la Mfalme Aspelta, lililotolewa Nuri likavushwa bahari katika zama ambazo Wasudani hawakuwa na sauti katika mgao wa mali yao. Naam, tangu vita kuzuka Sudan mnamo Aprili 2023, makumbusho ya taifa mjini Khartoum yameporwa, na wapo wanaosema kwamba afadhali vile vilivyo ng'ambo. Mimi nasema kwamba usalama wa amana haumpi mwekaji umiliki. Siku Sudan itakapotulia, swali hilo litakuwa pale pale.

Haya yanatuhusu vipi sisi? Katika silabasi ya 8-4-4 Meroe iliwekwa pamoja na Cairo na Kilwa kuwa mifano ya miji ya kale ya Afrika. Mwanafunzi amekuwa akikariri tanuri za chuma za Meroe na kuandika katika mtihani, bila ya kuambiwa kwamba kwa muda mrefu vitabu vilimnyima Mwafrika sifa ya ufalme ule. Miji ya pwani yetu pia ilielezwa na wasomi wa kikoloni kuwa kazi ya wageni wa Uarabuni na Uajemi, nao wenyeji wakawa kama wapita njia katika nyumba zao wenyewe. Mwanafunzi asiyejua kwamba historia huandikwa na watu wenye macho na pia wenye makengeza, atakikariri kitabu chochote atakachopewa.

Nawashauri walimu wafanye zoezi moja jepesi. Mwanafunzi agawe ukurasa wake sehemu mbili. Upande mmoja aandike kilichopatikana ardhini. Upande wa pili aandike kile ambacho msomi amesema juu yake. Aanze na Reisner na makaburi ya Kerma. Kisha afanye vivyo hivyo na kila sura ya kitabu chake cha historia, kikiwemo kile kilichoandikwa na Mwafrika mwenzake.