Jack Kirby, Askari Aliyechora Mashujaa

Katika mabweni ya askari vitabu vidogo vya picha hupita mkono kwa mkono hata majalada yake yakachanika. Mashujaa waliomo humo huruka angani, huinua magari kwa mkono mmoja, wala risasi haziwadhuru. Wasomaji wengi wanawajua kwa majina, ila ni wachache wanaojua ni nani aliyewachora. Mmoja wa wakuu wa kazi hiyo alikuwa askari wa miguu, na nusura vita vimkate miguu yake mwenyewe.

Jina alilopewa na wazazi wake ni Jacob Kurtzberg. Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1917 mjini New York, katika mtaa wa kimaskini wa Lower East Side, akiwa mwana wa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Austria. Baba yake alifanya kazi katika viwanda vya nguo. Mitaa ile ilijaa magenge ya watoto waliopigana kwa ngumi na mawe, na Jacob alikuwa mmojawapo. Katika chuo cha sanaa cha Pratt alikaa juma moja tu. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe. Katika miaka ya 1930 aliajiriwa na studio ya Fleischer, iliyotengeneza filamu za Popeye, kisha akahamia kwenye vitabu vya picha. Huko ndiko alikokutana na Joe Simon, na huko ndiko jina la Jack Kirby lilikoshika.

Mwishoni mwa 1940 wawili hao walitoa toleo la kwanza la Captain America, lenye tarehe ya Machi 1941. Jalada lake lilimwonyesha shujaa aliyevaa rangi za bendera ya Marekani akimpiga Hitler ngumi ya taya. Tusisahau kwamba Marekani wakati huo ilikuwa bado haijaingia vitani. Iliingia Desemba 1941. Wako waliokasirika, na vitisho vikawafikia wachoraji hao hadi ofisini kwao. Hata hivyo toleo lile liliuzwa karibu nakala milioni moja.

Tukilisoma leo kwa jicho la kijeshi, tunaona uzuri wake na udhaifu wake. Uzuri ni habari ya Steve Rogers, kijana dhaifu aliyekataliwa na madaktari wa jeshi, kisha akapewa dawa ya kumtia nguvu. Kila aliyepata kusimama katika mstari wa usajili akiogopa kuambiwa arudi kwao atamwelewa. Udhaifu ni wepesi wa vita vyenyewe: adui huanguka, shujaa hutabasamu, na hakuna anayechoka. Tena kuna yule mtoto Bucky anayeishi kambini na kwenda naye vitani, jambo ambalo hakuna kamanda mwenye akili timamu angeliruhusu. Ni vita vilivyochorwa na mtu ambaye alikuwa bado hajaviona.

Alikuja kuviona. Alimwoa Rosalind Goldstein Mei 1942, na Juni 1943 akaitwa jeshini. Baada ya mafunzo alitua pwani ya Omaha, Normandy, tarehe 23 Agosti 1944, akiwa askari wa kawaida katika Kombania F ya Rejimenti ya 11 ya askari wa miguu, Divisheni ya 5, chini ya Jenerali Patton. Kwa masimulizi yake, luteni mmoja alipotambua kwamba huyu ndiye mchoraji wa Captain America, hakumweka ofisini. Alimpa kazi ya kutangulia mbele ya wenzake, kuingia katika vijiji na miji, na kurudi na michoro ya mahali adui alipo na njia zinazopitika.

Hapa inafaa tusimame kidogo. Sisi tuliopitia chuo cha kadeti tulifundishwa kuchora uwanja wa mapambano: mlima huu, mti ule, nyumba yenye dirisha linalotazama njia. Twajua kwamba mchoro mbaya huua watu. Na askari wetu waliotumwa Mogadishu kuanzia Desemba 2007 wanajua vilivyo maana ya kuukaribia ukuta uliobomoka bila kufahamu kilicho nyuma yake. Mtu aliyezoea kuchora watu wasiodhurika na risasi sasa alitambaa ili achore mahali zitakapotokea risasi.

Septemba 1944 batalioni ya kombania yake ilivuka mto Moselle karibu na Dornot, kusini ya Metz, ikakutana na Wajerumani wenye mizinga na ngome. Kwa siku chache ilishikilia kipande kidogo cha ardhi, kisha ikarudishwa ng'ambo usiku, ikiwa imepoteza watu wengi. Ilipofika majira ya baridi, miguu ya Kirby iliharibika kwa maji na jalidi. Alipelekwa hospitali mjini London, na madaktari wakafikiria kuikata. Haikukatwa. Alirudishwa kwao Januari 1945, na Julai 20 mwaka huo akaachiliwa jeshini kwa heshima, cheo chake kikiwa askari wa daraja la kwanza.

Kwa maoni yetu kazi yake ilibadilika tangu hapo. Ngumi zilizidi kuwa nzito, na majengo yakianguka yaliangukia watu. Mwaka 1961, pamoja na mwandishi Stan Lee, alianzisha Fantastic Four. Wakafuata Hulk, Thor na X-Men. Nani kati yao alibuni nini, ubishi huo haujaisha, lakini mkono uliochora hauna ubishi. Askari asomaye Kiingereza tungemshauri atafute zaidi matoleo 12 ya The Losers aliyoyachora katika miaka ya 1974 na 1975. Humo hakuna arukaye angani. Kuna matope, na hofu, na wanaume wanaotaka kurudi kwao.

Kwa Kifaransa kazi zake zilipita mlango mwembamba. Mwaka 1969 nyumba ya Lug, mjini Lyon, ilianzisha jarida la Fantask. Wakaguzi wa serikali ya Ufaransa waliliona halifai kwa vijana, likakoma baada ya matoleo 7.

Nasi Waafrika tuna fungu letu. Katika toleo la 52 la Fantastic Four, Julai 1966, alitokea Black Panther, yaani Chui Mweusi, mfalme T'Challa wa nchi ya kubuniwa ya Wakanda. Ni mwaka uleule ambao Burundi iliacha ufalme ikawa jamhuri, tarehe 28 Novemba. Wale waliokulia kwenye vitabu vya Kibelgiji walimjua Mwafrika wa Tintin, aliyechorwa na Hergé mwaka 1930 na 1931 bila kuiona Kongo, akiwa mtu wa kuchekwa. Mfalme wa Kirby aliwaalika wageni wake kisha akawawinda katika msitu wa mitambo ili apime nguvu zake.

Malipo yake kwa hayo yote yalikuwa ya kurasa alizochora. Mashujaa wakabaki mali ya kampuni. Katika miaka ya 1980 alipodai michoro yake ya asili, Marvel ilimtaka atie saini hati ndefu kuliko zile walizopewa wenzake. Alikataa kwa muda mrefu. Mwaka 1987 alirudishiwa kurasa zipatazo 2,000, katika zaidi ya 10,000 alizoichorea. Alifariki tarehe 6 Februari 1994 huko Thousand Oaks, California, akiwa na umri wa miaka 76.

Watoto wake waliendelea na madai mahakamani, wakashindwa mara mbili, na Septemba 2014 wakapatana na kampuni kabla Mahakama Kuu ya Marekani haijaamua kama itasikiliza shauri hilo. Februari 2018 filamu ya Black Panther ilionyeshwa Kisumu, nchini Kenya, kwa heshima ya Lupita Nyong'o aliyeigiza ndani yake. Katika orodha ya majina inayopita kwenye pazia, la Jack Kirby limo, pamoja na la Stan Lee.