Kabla Hujaweka Turbo, Mjue Joginder Singh wa Kericho

Wewe unayekusanya doo ya kuwekea Subaru turbo kubwa, tulia dakika mbili. Kabla hiyo ndai haijanguruma pale Whistling Morans, kuna msee wa Kericho unafaa kumjua.

Anaitwa Joginder Singh. Alizaliwa 1932 Kericho, kwenye majani chai, katika familia ya Kalasinga. Kama umewahi kutoka Kericho kupitia Litein na Sotik hadi Bomet mvua ikinyesha, unajua hizo kona na miteremko si mchezo.

Jamaa hakuanza na sponsa. Alianza na spana. Alikuwa makanika, kisha akafanya doria ya chama cha magari enzi za mkoloni, akiokoa watu waliokwama barabarani. Hebu fikiria hiyo shule: kila siku unaona kitu gani huharibika kwenye gari, na kwa nini.

Pasaka ya 1965, yeye na ndugu yake Jaswant waliingia Safari Rally na Volvo PV544 iliyokuwa imeshapigwa na Safari ya mwaka uliotangulia. Mtumba, kwa ufupi. Mvua ikamwagika, matope kila mahali. Magari 85 yalianza, 16 pekee yakamaliza. Wa kwanza? Hao ndugu wawili.

Sasa cheki hii. PV544 ilitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne. Dramu imefunikwa, kwa hivyo joto hukwama ndani. Ukizibana sana mteremkoni zinachoka, pedali inazidi kushuka na gari halisimami. Maji yakiingia, hazishiki vizuri hadi zikauke. Gari kama hilo lazima urudishe gia mapema, injini ilishikilie, breki uziwekee pale kuna noma.

1974 akarudi na Mitsubishi Lancer 1600 GSR, yenye diski mbele, David Doig akiwa kiti cha pembeni. Wakamwacha Björn Waldegård na Porsche 911 yake nafasi ya pili. 1976 wakashinda tena, Lancer zikafagia nafasi tatu za kwanza. Joginder akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Watu wakamwita Simba wa Kenya.

Lakini rekodi inayoniua mimi ni hii: aliingia Safari mara 22, akamaliza 19. Gari lake lilikuwa linafika.

Rudi kwa ndai yako sasa. Ukitoka spidi ya 60 hadi 120, kazi ya breki haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Yote inageuka joto. Kwa hivyo anza na mafuta ya breki. Yale ya zamani huwa yamenyonya unyevu, yakichemka pedali inaenda hadi chini. Halafu weka pedi za kuvumilia moto, na tairi zenye meno. Diski kubwa zifuate. Turbo ije mwisho.

Joginder alifariki London 2013, akiwa na miaka 81. Hakufia kwenye kona, licha ya miaka yote hiyo ya kukanyaga.

Na wewe, mafuta yako ya breki ulibadilisha lini?