Paul Harris, mugeni aliyeanzisha Rotary



Ile alama ya gurudumu lenye meno, wengi wetu tumeiona kwenye kampeni za chanjo ya polio. Ni alama ya Rotary. Mara hii tunaeleza maisha ya mutu aliyeianzisha Rotary, Paul Harris. Tunamuchagua sababu aliishi miaka mingi kama mugeni, tena sababu shirika lake lilikutana mapema na swali lenye kutusumbua sisi pia: musaada ni wa wanamemba peke yao, ao ni wa majirani pia?

Paul alizaliwa tarehe 19 mwezi wa 4, 1868, katika muji wa Racine, Marekani. Biashara ya baba yake ilianguka, na wazazi wakakosa namna ya kulea watoto. Paul alikuwa na miaka 3 tu wakati yeye na mukubwa wake walipelekwa kwa babu na bibi, katika kijiji cha Wallingford, mbali sana na kwao. Hao wazee njo waliomulea. Kati yetu wako wengi waliolelewa na bibi wakati wa vita, wanajua hiyo maana yake ni nini.

Hakuwa kijana mutulivu. Universite ya kwanza ilimufukuza, lakini babu yake hakumuacha. Mwaka 1891 akamaliza masomo ya sheria katika Iowa. Kisha, pahali pa kufungua biro, akazunguka miaka 5. Alikuwa mwandishi wa gazeti San Francisco, akachuma matunda, akafundisha, akacheza teatre Denver, akafanya kazi ya usiku katika hoteli, akauza mawe ya marumaru, akavuka bahari kwenda Uingereza pamoja na ngombe ndani ya meli. Mwaka 1896 akatulia Chicago kama avoka.

Kazi ilipatikana, lakini rafiki hakuna. Siku ya yenga ilikuwa inamulemea kupita siku zote, sababu muji ulijaa watu na hakuna hata mumoja aliyemujua. Mwaka 1900, avoka mwenzake alimualika kwake kula, kisha wakatembea katika mitaa. Paul akaona mwenzake anasalimiana na wenye maduka kwa majina yao. Alijiuliza kama namna ile ya kijiji haiwezi kufanyika katikati ya muji mukubwa. Ilimuchukua miaka 5 kupata jibu.

Tarehe 23 mwezi wa 2, 1905, watu 4 walikutana katika chumba namba 711 cha jengo la Unity, Chicago: Paul, Silvester Schiele, muuzaji wa makaa ya mawe, Hiram Shorey, mushonaji, na Gustavus Loehr, enjenyere wa migodi, ambaye biro ilikuwa yake. Kila mutu na kazi yake. Walipatana mukutano uzunguke, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Jina la Rotary lilitoka katika kuzunguka kule. Mutu wa likelemba hatashangaa: na sisi tunazungushiana zamu.

Mwanzoni walijisaidia wao kwa wao tu. Mwanamemba ananunua kwa mwanamemba, na kulikuwa hata mutu wa kuandika nani alimuletea nani biashara. Hiyo si zambi. Lakini mwaka 1906 walialika avoka mumoja, Donald Carter, aingie. Alisoma sheria za shirika, akakataa. Alisema shirika lisilofanya kitu kwa watu wa inje halitakaa.  Walimuomba Carter aingie, apendekeze mwenyewe kile kinachopunguka. Hivi sheria zikaongezewa kazi mupya: kutafuta mema ya muji wote wa Chicago.

Kazi kubwa ya kwanza waliyoshika kwa ajili ya muji haikuwa ya kujionyesha. Ilikuwa vyoo vya watu wote, karibu na jengo la serikali ya muji. Wenye kutengeneza pombe walipinga, wakisema bistro zote ziko na vyoo. Wenye maduka makubwa nao walisema wanawake wanaweza kuingia kwao. Lakini mutu asiye na makuta ya kununua bia ao nguo angeenda wapi? Rotary iliunganisha mashirika mengine, ikasukuma kazi ile mwaka 1907 mpaka muji ukakubali kujenga.

Mwaka 1908 Rotary ya pili ilianza San Francisco. Wanamemba wengine wa Chicago hawakufurahi kuona prezida wao anatazama mbali, na Paul akaacha kiti. Hata hivyo hakuacha kazi. Mwaka 1910 mashirika 16 yaliungana, yakamuchagua kuwa prezida. Mwaka ule ule alioa Jean Thomson, mwanamuke wa Scotland. Mwaka 1930 Rotary ilifunguliwa Nairobi.

Kuna upungufu pia, na haufai kufichwa. Wanawake hawakuruhusiwa kuingia katika Rotary zote za dunia mpaka mwaka 1989, zaidi ya miaka 40 kisha Paul kufa. Huku kwetu, ambako wamama njo wanashika kasha, tunaona hasara gani walijifanyia.

Mwaka 1917, prezida mwingine, Arch Klumph, aliomba mufuko wa kusaidia dunia uanzishwe. Zawadi ya kwanza ilikuwa dolari 26 na nusu. Miaka mingi mufuko ule ulibaki mudogo. Paul alikufa tarehe 27 mwezi wa 1, 1947. Alikuwa ameomba wasimuletee maua, makuta ya maua yaende katika mufuko. Ndani ya muda mufupi zaidi ya dolari milioni 1 zilipatikana, na wanafunzi 18 walitumwa kusoma katika inchi zingine. Kutoka 1985 Rotary ilishika kazi ya chanjo ya polio duniani kote. Mwaka 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imemaliza polio ya asili.

Wandugu, kati yetu kuna waliorudi kutoka Uganda na waliorudi kutoka makambi ya hapa Ituri. Wengine wanasema kotizasyo yetu haitoshi hata mabati ya wanamemba, na wanasema kweli. Lakini jirani aliyebaki naye alichomewa nyumba, na wakati wa kurudi alitugawia maji na shamba. Chemchemi ikitengenezwa, haitauliza nani alikimbia na nani alibaki. Kamati inaomba kila mumoja aje kwenye mukutano mukubwa na jibu lake: sehemu gani ya kasha itoke inje ya mulango wetu? Hata kama ni franga kidogo, iandikwe ndani ya buku, na wasaidizi wetu waione.